Kabla ya Asali

Kuna hadithi inayopendwa sana katika darsa za ndoa za wanawake. Mwanamke aliyeachwa na mume aitwaye Rifaa, kisha akaolewa na Abdurrahman bin Zabir, anamwendea Mtume (S.A.W.), Bibi Aisha akiwepo, na kueleza bila kupepesa macho kwamba alichonacho mume wake mpya hakizidi pindo hili, akashika pindo la jilbabu lake akaonyesha. Khalid bin Said, aliyekuwa mlangoni akisubiri ruhusa ya kuingia, akashindwa kuvumilia. Ewe Abubakar, humkatazi huyu maneno anayoyatangaza mbele ya Mtume wa Mwenyezi Mungu? Mtume hakuzidisha kitu juu ya kutabasamu. Kisha akamwambia yule mama kwamba, ikiwa anataka kumrudia Rifaa, haiwezekani mpaka aonje asali ya huyu wa sasa, na huyu naye aonje asali yake.

Kila ninapoisikia ikisimuliwa, wanawake hucheka, wengine wakijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Mwalimu naye husubiri kicheko kitulie ndipo aseme: mnaona? Dini haina haya. Hao wanaojiita wanaufeministi wamegundua juzi kwamba mwanamke ana haja zake, kwetu sisi limo ndani ya Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume.

Mimi pia hucheka. Ila siku hizi hubaki na swali moja, nalo ndilo limenikalisha kuandika. Wanawake wa Kiislamu wanapobishana kuhusu kile kinachoitwa mtazamo chanya kuhusu ngono, yaani kuiona ngono kuwa si jambo la aibu, wengi wetu tunadhani ugomvi ni kati ya waliofunguka na waliofungika, au kati ya hijabu na nywele wazi. Ukisoma walichoandika wenyewe unakuta mstari wa ugomvi umepita kwingine kabisa.

Kwanza neno. Nitasema ngono, na najua baadhi ya wasomaji wangependa niseme tendo la ndoa. Tatizo ni kwamba tendo la ndoa limeshajibu swali kabla halijaulizwa. Tuna na unyumba, neno zuri, lakini angalia kitenzi linachotembea nacho: kunyima. Mke kamnyima mume unyumba. Huwezi kumnyima mtu kitu kisicho haki yake. Na juu ya hayo yote mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Lugha yetu ina fiqhi yake, yaani sheria yake ya dini, ndani, na tutaikuta tena mbele.

Mtazamo chanya ulizaliwa ndani ya ugomvi wa wanaufeministi wa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamegawanyika vibaya juu ya ponografia. Andrea Dworkin na Catharine MacKinnon walisema ngono kama tunavyoijua imeumbwa na ubabe wa wanaume, na ponografia ni mtaala wake. Walitunga sheria ndogo ya kumwezesha mwanamke aliyedhurika kuishtaki biashara hiyo. Minneapolis ikaipitisha 1983 na meya akaikataa kwa kura yake ya turufu, Indianapolis ikaipitisha 1984 na mahakama zikaitupa. Upande wa pili walikuwapo kina Ellen Willis na Gayle Rubin, walioona kwamba wanawake wanaoshirikiana na wahafidhina kuchunga ngono za watu siku moja watachungwa wao. Mkutano wa Aprili 1982 katika Chuo cha Barnard, New York, ulifanyika huku wanawake wengine wakiandamana nje kuupinga. Miaka miwili baadaye Carole Vance alihariri makala zilizotokana na mkutano huo, na kichwa cha kitabu kilibeba maneno mawili pamoja: raha na hatari.

Kina Vance hawakuwahi kusema kwamba kila ngono ni njema. Walisema mwanamke anaishi ndani ya vyote viwili, na siasa inayozungumzia hatari tu humfanya asahau kwamba ana mwili wa kufurahia, ilhali inayozungumzia raha tu humwacha peke yake anapoumia. Neno liliposafiri hadi kwenye mitandao ya kijamii, hatari ikaachwa njiani. Kilichofika kwa wengi wetu ni kauli mbiu: sema ndiyo, usione aibu, jiachie. Ndiyo maana msichana wa Kiislamu anayekutana nayo leo huona milango miwili tu, aingie kwa kujivua haya au abaki nje akiitwa mshamba.

Lakini wanawake wa ulimwengu wa Kiislamu walikuwa wameshaanza mjadala wao kabla ya Barnard, na wala hawakuazima maswali. Nawal El Saadawi, daktari wa Misri aliyekeketwa akiwa na umri wa miaka 6, aliandika kitabu juu ya mwanamke na ngono kilichomgharimu cheo chake katika Wizara ya Afya mwaka 1972. Alianzia kwenye alichokiona akiwa daktari: wasichana walioletwa wakivuja damu, maharusi waliotiliwa shaka kwa sababu damu haikutoka. Kwake yeye kizinda, ukeketaji na umaskini vilikuwa ugonjwa mmoja wenye mizizi katika mfumo dume na tabaka, na dini zote aliziona zimetumika kuutetea. Hakuwa na subira na tafsiri laini za maandiko. Waliompenda na waliomchukia wanakubaliana hapo.

Fatima Mernissi wa Morocco alikwenda njia nyingine, na kwangu ndiyo yenye utajiri zaidi. Katika kazi yake ya mwaka 1975 aliwaweka meza moja watu wawili ambao hakuna aliyefikiria kuwakutanisha: Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, na Sigmund Freud, baba wa uchambuzi wa nafsi huko Ulaya. Freud anamwona mwanamke kuwa kiumbe kinachopokea, baridi kwa maumbile yake. Ghazali anamwona ana matamanio kamili, ya kutenda. Anamwagiza mume asiondoke kitandani kwa sababu yeye kamaliza. Amngoje mkewe naye akidhi haja yake. Anapiga hata hesabu: kwa kuwa mwanamume anaruhusiwa wake wanne, uadilifu ni kumwendea mke walau mara moja kila usiku wa nne, na aongeze au apunguze kwa kadiri ya mahitaji ya mke.

Hapo ndipo mwalimu wa darsa angesimamisha somo na kupiga takbira. Mernissi hakusimama. Aliuliza kwa nini Ghazali anajali. Jibu limo katika maneno ya Ghazali mwenyewe: kumhifadhi mke na zinaa ni wajibu wa mume. Mwanamke asiyetosheka ni fitna, na fitna huvunja mji. Kwa hiyo, alisema Mernissi, jamii iliyomwona mwanamke ana nguvu za kutenda ndiyo iliyohitaji kuta na mapazia ya kumzuia, wakati Ulaya, iliyomwona baridi, ilimzuia kwa kumfundisha asihisi. Raha ya mke inatambuliwa, tena kwa ukarimu, lakini inatambuliwa kama suala la usalama. Tangu niliposoma hoja hiyo siwezi kusikia sifa za Ghazali bila kuuliza raha hiyo imewekwa kwa ajili ya nani.

Wapo wasiotaka kuuliza, na wana sababu zao. Mwaka 2006 Heba Kotb, daktari wa Misri mwenye hijabu, alianza kuzungumzia ngono kwenye televisheni kwa misingi ya Qur'ani na hadithi. Mwaka 2009 Wedad Lootah, mshauri wa ndoa mahakamani Dubai, anayevaa nikabu, alichapisha kitabu cha miongozo ya faragha kwa wanandoa, akatukanwa na kutishiwa. Wanawake hawa walisaidia watu. Mke aliyeishi miaka na mume bila kujua kwamba mwili wake unaweza kuhisi chochote hakuhitaji nadharia, alihitaji mtu wa kumwambia kwamba hana dosari, na amwambie kwa lugha ambayo mumewe hataweza kuiita uzungu. Sioni haya kusema kwamba wamefanya kazi kubwa kuliko makala mia za aina hii.

Uchanya wa halali, tuuite hivyo, una mpaka unaoonekana mapema. Unamhusu mke. Mjane wa miaka thelathini, aliyeachwa akiwa na watoto wawili, binti wa miaka arobaini ambaye posa haijaja: hawa huambiwa wafunge, waswali, wasubiri. Mwanamke asiyehisi hamu kabisa naye haonekani. Akijitokeza anapelekwa kwa tabibu. Hayo ni mapungufu ya wazi na sitayakalia. Kilicho kizito zaidi kiko ndani ya ndoa yenyewe.

Kecia Ali, msomi Mwislamu wa Marekani, amefanya kazi ambayo wengi wetu tungependa isifanyike. Katika vitabu viwili, cha 2006 na cha 2010, alichukua maandishi ya mafakihi, wanasheria wa dini, wa karne za mwanzo, akayasoma kama yalivyo bila kuyapaka rangi. Akaonyesha kwamba mafakihi hao waliijenga nikahi kwa mfano wa milki: mume analipa mahari na kutoa matunzo, na kwa malipo hayo anapata haki ya kipekee juu ya mwili wa mke. Walitumia bila wasiwasi mifano ya mauzo na ya utumwa kufafanulia hukumu za ndoa. Mke ana madai pia, lakini si ya uzito ule. Mume akiapa kutomkaribia mkewe, Qur'ani inampa miezi minne, arejee au waachane. Wahanbali, moja ya madhehebu ya Kisunni, wakachukua muda huohuo kuwa kipimo cha chini cha wajibu wa mume kwa ujumla. Miezi minne kwake. Kwa mke, hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inayokaririwa mpaka watoto wanaijua: mume akimwita kitandani, akakataa, mume akalala na hasira, malaika humlaani mpaka asubuhi.

Hapo ndipo kitenzi kunyima kilipotoka.

Ali hasemi Uislamu ndio huo, akafunga kitabu. Anachosema ni kigumu zaidi: huwezi kudai kwamba ndoa ya Kiislamu imejengwa juu ya raha ya pande mbili huku ukiacha msingi wa mkataba ulivyo, kwa sababu katika mkataba ule ridhaa hutolewa mara moja, siku ya nikahi, na baada ya hapo haiulizwi. Ubakaji ndani ya ndoa haukuweza hata kuwa na jina katika fiqhi hiyo. Unaweza kukuta faslu ndefu juu ya adabu za kumbusu mke, wala usikute mstari unaomruhusu aseme, leo hapana, bila kutafutiwa udhuru wa ugonjwa au hedhi.

Majibu yamekuja ya namna nyingi. Ziba Mir-Hosseini, mwanaanthropolojia mwenye asili ya Iran, pamoja na wenzake wa mtandao wa Musawah uliozinduliwa Kuala Lumpur mwaka 2009, hushikilia tofauti kati ya Sharia, ambayo ni ya Mungu, na fiqhi, ambayo ni jitihada ya wanaume wa zama zao na inaweza kuandikwa upya. Wanaelekeza kwenye aya ambazo hazizungumzii milki hata kidogo: wao ni vazi lenu na nyinyi ni vazi lao; na ile ya Sura Ar-Rum inayotaja utulivu, mapenzi na huruma. Wapinzani nao wana aya yao, wake zenu ni konde zenu, na kila upande unamtuhumu mwenzake kwa kuchagua. Amina Wadud, ambaye kwa miaka mingi alijaribu kuonyesha kwamba aya ya 34 ya Sura An-Nisaa haimaanishi kumpiga mke, alifika mwaka 2006 mahali pa kuandika kwamba kwa utekelezaji wa maneno yale kama yalivyo, yeye anasema hapana. Wengine waliona amevuka mpaka wa imani. Mimi naona ni ajabu kidogo, na si bahati mbaya, kwamba neno alilolikuta mwisho wa safari yake ni lilelile ambalo mke katika vitabu vya fiqhi hakupewa.

Sasa kuna kundi ambalo lingenizuia hapa na kuuliza: kwani nani kasema uhuru ni kusema hapana? Saba Mahmood, aliyezaliwa Pakistan na kufundisha Marekani, aliishi na wanawake wa harakati za misikiti jijini Cairo na kuandika juu yao mwaka 2005. Wanawake wale walikuwa wakijifunza kuona haya. Mmoja angeweza kuwa mcheshi na mwenye sauti, akaamua kujizoeza kuona haya mpaka haya ikawa tabia yake, kwa sababu kwao mwili ni chombo cha kuijengea nafsi na si dirisha la kuionyesha. Ukiwaambia wanajikandamiza, unawapima kwa mizani isiyo yao. Mwanaanthropolojia Lila Abu-Lughod alikuwa ameshauliza mwaka 2002, mabomu yakianguka Afghanistan, kama kweli wanawake wa Kiislamu wanahitaji kuokolewa. Na Leila Ahmed, msomi mwenye asili ya Misri, kabla yao, alitukumbusha habari za Lord Cromer, mtawala wa Kiingereza aliyelaani shela Misri akidai kumhurumia mwanamke, kisha akarudi London kuongoza chama cha kupinga wanawake wa Uingereza kupiga kura.

Hoja hizi hazijachakaa. Aprili 2013 Femen, kikundi cha wanaharakati wa kike kilichoanzia Ukraine, kilitangaza siku ya jihadi ya vifua wazi, wakaandamana mbele ya misikiti Ulaya kumtetea Amina, binti wa Tunisia aliyekuwa ameweka picha yake kifua wazi akiwa ameandika kwa Kiarabu kwamba mwili wake ni mali yake na si heshima ya mtu. Wanawake wa Kiislamu waliwajibu kwa picha zao wenyewe, wamevaa watakavyo, wakisema hatukuwaomba mtuokoe. Na ndani ya miezi michache Amina mwenyewe alijitoa Femen, akikituhumu kikundi kwa chuki dhidi ya Uislamu. Watu husahau kipande hicho. Msichana yule alizikataa nyumba mbili, na kila nyumba iliendelea kusimulia habari zake kana kwamba ni mali yake.

Ninachokubali kwa Mahmood ni kwamba haya inaweza kuwa kazi ya mtu mwenye akili na utashi, na mtazamo chanya usio na nafasi ya mwanamke mwenye haya, au asiyetaka ngono, au anayengoja ndoa kwa hiari yake, ni amri mpya tu iliyovaa nguo za raha. Ninachokataa ni jinsi hoja hiyo inavyotumiwa na watu ambao hawajawahi kumsoma. Mwanamke akisema ameumizwa, anaambiwa haya ni sehemu ya imani. Mwaka 2018 wanawake walipoanza kusimulia walivyoshikwashikwa kwenye tawafu, mbele ya Kaaba kwenyewe, mwandishi Mona Eltahawy akiwa mmoja wao, lawama kubwa haikuwaendea walioshika. Iliwaendea waliosema: mnawapa maadui silaha. Haya ambayo mwanamke wa Cairo alikuwa akijizoeza, alijizoeza mbele ya Mola wake. Hii nyingine inafundishwa mbele ya majirani.

Kuna jambo la zinaa, ambalo ukilitaja tu mazungumzo huchafuka. Waislamu wengi, wanawake kwa wanaume, wanaamini kwamba ngono nje ya ndoa ni dhambi, na mjadala wowote unaowataka waache imani hiyo kwanza ndipo wakaribishwe utabaki wa watu wachache. Lakini dhambi na jinai ni vitu viwili. Kifungu cha 490 cha kanuni ya adhabu ya Morocco kinaweka kifungo cha mwezi mmoja hadi mwaka mmoja kwa wasio wanandoa waliokutana kimwili. Mwaka 2019, mwandishi wa habari wa kike alipokamatwa kwa madai ya kutoa mimba na ngono nje ya ndoa, aliyoyakana, mwandishi Leïla Slimani na wenzake walitoa waraka wakijitangaza kuwa wavunja sheria; baadaye alihukumiwa mwaka mmoja, kisha akasamehewa na mfalme. Pakistan, kwa sheria za Hudud, yaani za adhabu za kidini, za 1979, wanawake waliokwenda kushtaki ubakaji walijikuta wao ndio washtakiwa wa zinaa, mpaka mabadiliko ya 2006 yalipotenganisha mambo hayo. Na Qur'ani, tukumbuke, inataka mashahidi wanne, na anayemsingizia mwanamke bila wao hupigwa viboko 80. Ukiisoma aya hiyo polepole unaona macho ya jirani yakifungwa kwa nguvu. Mwanamke anaweza kuamini kwamba zinaa ni haramu na akaamini vilevile kwamba polisi hana kazi chumbani. Wapo wengi, ila hawana jina katika mjadala huu, kwa kuwa hawajazi kambi yoyote.

Kwa hiyo nikiulizwa mimi niko wapi, nasema sina ugomvi na asali. Ugomvi wangu ni na mpangilio. Tumeanza na raha kwa sababu raha inachekesha, inatuonyesha kuwa dini yetu ni ya kisasa, na haimnyang'anyi mume chochote. Kwa kweli inamwongezea. Ridhaa inamnyang'anya kitu. Ndiyo maana darsa za kumfurahisha mume hujaa, na sijawahi kualikwa kwenye hata moja yenye mada ya mke anaposema hapana.

Hadithi ya mke wa Rifaa ina riwaya nyingine, humohumo katika Bukhari, mlango wa mavazi ya kijani. Ndani yake yule mama amefika kwa Bibi Aisha amejitanda mtandio wa kijani, na kabla ya maneno ya pindo anamwonyesha ngozi yake, imevilia. Mume anakuja baadaye na watoto wake wawili kuthibitisha kwamba uwezo anao, na kusema kwamba mkewe huyu ni nashizi, mwanamke mkaidi, anataka tu kumrudia Rifaa. Mazungumzo ya asali na pindo tunayajua. Bibi Aisha, kabla hayajaanza, Mtume alipoingia tu, alikuwa ameshamwambia: sijaona wanawake wanaopata mateso kama waumini wa kike; ngozi ya huyu ni ya kijani kuliko nguo yake.